Gurudumu la Kulia

Mashine ikiamua kukuaibisha haiharibiki siku ambayo huna kazi. Hungoja kwanza utoe neno lako mbele ya mtu, tena mtu ambaye neno la mwenzake halimtoki kichwani, ndipo ianze vituko vyake. Phelista Nabwile wa Ndalu alikuwa ametoa neno mbele ya mumewe, Wakhungu. Alisema hivi: "Shamba la Chemutai nikishindwa kulimaliza, haya, uza mashine. Sitafungua mdomo."

Afadhali angekula ugali wake akanyamaza.

Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kukata nyasi inayovutwa na trekta, nzito, pana kama lango la ghala, na uzito wote huo unabebwa nyuma na magurudumu mawili tu. Wakhungu ndiye aliyekuwa akiiendesha mpaka mgongo ulipomkataza kukaa kwenye trekta. Phelista akapanda. Watu walidhani ataiangusha mtaroni siku ya kwanza. Badala yake wenye mashamba wakampenda, kwa sababu alikata chini, alikata sawasawa, na hakuacha masharubu ya nyasi kando ya ua. Ikawa sasa Wakhungu akipokea simu kwa ile sauti yake ya mwenye mali, anaambiwa, "Habari, Mzee. Hebu nipatie Mama."

Hiyo "nipatie Mama" ilimuuma kuliko mgongo. Mbele ya watu, hasa kanisani, alikuwa akimshika mkewe bega na kusema, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," na watu wakafurahi. Nyumbani alikuwa na wimbo mwingine: mashine ni mzigo, iuzwe, anunue kinu cha kusaga mahindi akae nacho kivulini. Na mnunuzi alishampata, bwana mmoja wa Sirisia aliyeitwa Khisa. Khisa alikuwa aje Jumapili baada ya ibada.

Phelista hakutaka kusikia habari za kinu. Juu ya trekta ile ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyemwambia geuka hivi, geuka vile. Ndiyo maana aliweka lile neno lake. Alijua shamba la Chemutai, kule Kachibora, ni kubwa kuliko yote aliyowahi kukata, na alijua analiweza.

Jumanne hiyo, akitoka kukata nyasi za jirani, gurudumu moja likaanza kulia. Si mlio wa mchezo. Ni kile kilio cha chuma kwa chuma kinachokufanya uume meno. Alipoingia nyumbani Wakhungu alitoka nje, akainama, akagusa habu kwa kidole, yaani kile kitovu cha gurudumu ambamo beringi hukaa. Akaruka.

"Wooi! Imenichoma!"

Phelista akamkalisha, akampaka dawa ya meno kwenye kidole, akamfungia kitambaa. Tena akamwambia pole mara kadhaa, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Hicho kidole usikisahau.

Beringi za saizi ile Kitale hazikuwepo. Alizunguka duka hadi duka, kila mwenye duka anaigeuza ile beringi kuukuu aliyoibeba iwe mfano, anaipuliza, anasema jaribu mbele. Kesho yake akashuka mpaka Bungoma mjini, na huko akazipata: ya ndani na ya nje, kila moja na kikombe chake, ile pete ya chuma ambamo goroli zake huviringika. Akanunua na sili ya kuzuia grisi isitoke. Akiwa bado dukani akampigia Abdishakur, fundi wake wa Kitale, ambaye gereji yake iko nyuma tu ya msikiti.

"Fundi, beringi nimepata. Kesho ukuje Ndalu."

"Ni gurudumu gani, Mama?"

"Si ni ile ya kulia, bana! Ndiyo inanisumbua. Na usifungue ile ingine, tafadhali, sina beringi za kuchezea."

"Ya kulia. Sawa. Inshallah kesho."

Kesho yake, Alhamisi, Phelista hakuweza kumngoja fundi. Ilibidi aende Kachibora alitembee shamba na mwenyewe, maana ukiingia kichwa kichwa kwenye shamba la watu, kisiki kimoja kilichofichwa na nyasi kinatosha kukuvunjia visu vyote. Chemutai, mwanamke wa maneno machache mwenye ng'ombe wa maziwa wengi, alimpeleka kona kwa kona, wakachomeka vijiti penye vichuguu na mawe.

"Mashine ya kufunga marobota inakuja Jumatatu," Chemutai alisema. "Nyasi inataka jua kwanza. Jumamosi jioni iwe chini yote, ama nitafute mtu mwingine leo leo. Hii mvua ya Cherangany haingoji mtu."

"Itakuwa chini."

"Mashine iko sawa?"

"Iko sawa. Fundi yuko nayo saa hii."

Alifika Ndalu giza limeingia. Mashine ilikuwa imeegeshwa palepale, jeki imeondolewa, fundi ameshaondoka. Wakhungu alikuwa jikoni akijiwekea chai.

"Amemaliza," alisema. "Amepaka glisi mpaka imefulika. Belingi ni mpya kabisa, we enda tu."

Phelista alimshukuru kwa kumsimamia fundi siku nzima na mgongo ule. Akamkaangia mayai. Mayai! Mimi ningejua ningemmwagia hiyo chai.

Ijumaa alfajiri akafunga mashine nyuma ya trekta, akasali kwa kifupi, akatoka. Barabara ilikuwa na umande, hewa nzuri, roho imetulia. Kabla hata ya kuikaribia Kitale, akasikia nyuma yake: kwiiii.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana, hapana. Si leo."

Kwiiii.

Alisimama pembeni akashuka. Kiziba cha gurudumu la upande mmoja kilikuwa kimefutwa kinang'aa, na mduara wa grisi mpya umekizunguka. Aligusa habu yake, baridi. Akazunguka upande wa pili. Huko kiziba kilikuwa bado na tope la msimu uliopita, hakuna spana iliyokigusa, na habu ilikuwa inafuka moto. Alisimama pale katikati ya magurudumu yake mawili akatukana kwa Kibukusu, akaona haitoshi, akatukana na kwa Kiswahili. Pesa za watu, safari ya Bungoma, siku nzima, na fundi mzima mwenye macho mawili amefungua gurudumu zima akaacha gonjwa!

Kutoka hapo alienda mwendo wa jongoo. Anaenda kidogo, anasimama habu ipoe, anaenda tena. Na watu wa barabarani nao, wema wao una wakati wake. Kila aliyepita kwa pikipiki alipunguza mwendo kumpa habari.

"Mathe, tairi inalia!"

"Nasikia!"

"Mama, hiyo kitu yako ya nyuma inalia sana!"

"Si niko na masikio? Enda!"

Alipofika gereji Abdishakur alikuwa anatoka, amenawa, amevaa kanzu nyeupe pee, kofia kichwani. Ilikuwa Ijumaa, na adhana ilikuwa imekwisha.

"Mama! Kwema? Nikitoka msikitini nakuja kwako moja kwa moja."

Utamwambia nini mtu anayekwenda kumsujudia Mungu? Phelista alikaa juu ya tairi kuukuu, akameza hasira yake. Jua likapita utosini. Chemutai akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njiani ya wapi? Nimesimama kwa geti tangu asubuhi."

"Njiani tu, dada. Nakuja."

Simu ikakatwa bila kwaheri. Kwa mawazo alimwona Khisa wa Sirisia siku ya Jumapili, akizunguka mashine mikono nyuma, akipiga tairi teke kama mtu anayenunua ng'ombe. Alimwona Wakhungu akiupokea mkono wake. Na yeye mwenyewe alijiona amekaa kando, mdomo umefungwa, kwa sababu alisema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba hataufungua.

Abdishakur alirudi, akavua kanzu, akavaa ovaroli. Phelista alikuwa ameshasimama.

"Fundi, nilikukosea wapi? Niambie tu. Nimewahi kukutukania mama?"

"Astaghfirullah. Kuna nini?"

"Nilikwambia nini kwa simu?"

"Uliniambia gurudumu la kulia."

"Ndiyo! La kulia! Na bado linalia! Kitale nzima imelisikia!"

"Mama, la kulia nimelifanya. Hili hapa." Akaligonga kwa kiganja lile lililofutwa.

"Hilo ndilo linalia?"

"Hilo ndilo la kulia."

"Na hili?"

"Hilo ni la kushoto."

"Lakini ndilo la kulia!"

Mshona viatu wa upande wa pili wa njia aliangusha sindano yake kwa kicheko. Abdishakur alilitazama gurudumu la kushoto, akalitazama la kulia, akashika kichwa. Phelista naye maneno yake mwenyewe yalimrudia masikioni, yale ya dukani Bungoma. Ile ya kulia. Kwao Ndalu mtoto wa kulia ni yule asiyenyamaza, mlango wa kulia ni ule unaotaka mafuta, na gurudumu la kulia ni lile linalokung'oa meno kwenye ufizi. Nani anafikiria habari za mkono wakati chuma kinapiga kelele? Lakini fundi alikuwa Kitale, hakusikia kilio chochote. Alisikia upande.

"Kiswahili hiki kitaniua," alisema, na akakaa tena juu ya tairi. Hakujua acheke au aangue kilio.

"Na mimi nina kosa," Abdishakur alisema. "Nililizungusha kabla sijafungua, nikaona ni laini, halina mtikisiko. Nikashangaa. Nikataka kuinua na la kushoto nilipime. Nikamwuliza mzee."

"Ukamwuliza nani?"

"Mzee Wakhungu. Si alikuwa hapo kwa kiti? Nikamwambia, Mzee, hili naona ni zima, una hakika ni la kulia? Akasema, Si umeambiwa ya kulia? Fanya ya kulia, wewe hukuitwa kuuliza maswali. Nikamwambia basi niguse hata hilo lingine. Akasema jeki isiguse huko."

Phelista aliinuka kutoka kwenye tairi.

"Hata beringi nilizotoa, nilimwonyesha. Nikamwambia hizi bado zina maisha, zihifadhi. Akasema, Tupa."

"Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa?"

"Eeh. Cha shahada hiki. Alikuwa ananionyesha nacho."

Basi ndipo moyo wa Phelista ulipokufa ganzi. Kidole kile kilichomwa na gurudumu la kushoto, na yeye ndiye aliyekipaka dawa ya meno. Hakuna mtu katika Ndalu yote aliyelijua gurudumu bovu kuliko Wakhungu, alikuwa na malengelenge ya ushahidi. Alimwona fundi anakosea, akavuta kiti karibu, akatazama mpaka mwisho. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na siku zote yeye alidhani wanasema habari za chawa.

"Ulizitupa?" aliuliza.

"Mali nzima haitupwi, Mama." Abdishakur aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye mafuta taa. Ndani yake beringi za gurudumu la kulia zilikuwa zimelala pamoja na vikombe vyake. "Saizi ni moja. Kama ekseli yako haijaliwa, tunaziingiza leo hii. Na sili ninayo."

Kama ekseli, kile chuma kinacholibeba gurudumu, haijaliwa. Alipolivuta gurudumu la kushoto likatoka, beringi ya ndani ilitoka vipande, nyeusi, goroli zimepauka kama mbegu zilizoungua, na grisi imegeuka lami. Phelista aliinama hadi uso wake ukakaribia kugusa chuma. Ekseli ilikuwa na rangi ya samawati ya moto mahali beringi ilipokaa. Abdishakur alipitisha ukucha juu yake, taratibu, huku na huku.

"Imeungua ngozi tu," alisema mwishowe. "Nyama iko."

Waliisugua kwa msasa laini mpaka ikalainika. Akagonga vikombe vibovu vikatoka, akaingiza vile vya kopo kwa kipande cha shaba, akigonga kuzunguka, kidogo huku kidogo kule, visikae upande. Phelista mwenyewe ndiye aliyepaka grisi. Aliijaza kwenye kiganja, akaisukumia ndani ya beringi mpaka ikachungulia upande wa pili katikati ya kila goroli, na alisukuma kwa nguvu nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Fundi alikaza nati huku yeye akilizungusha gurudumu, likawa zito. Akailegeza kidogo tu, gurudumu likawa jepesi, akapiga pini. Likazunguka bila neno.

"Halilii," alisema Abdishakur.

"Halilii," alisema Phelista.

Alifika Kachibora jua linaelekea kuzama. Chemutai alikuwa bado kwenye geti, amekunja mikono. Hakusalimu. Alifungua tu. Phelista alikata mpaka macho yakakataa, akalala kwenye banda la marobota, akaamka kabla ya ng'ombe. Jumamosi kutwa alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila alipofika mwisho wa mstari alishuka akagusa habu zote mbili. Mchana mpini wa kuinulia visu ukamkwama, akaupiga nyundo na maneno. Wingu likaja likasimama juu ya vilima, likamtazama. Alikuwa na hasira iliyomtosha kukata mpaka Eldoret. Mstari wa mwisho ulilala chini kukiwa bado na mwanga wa kuonana nyuso.

"Mwaka ujao kuja wewe tena," alisema Chemutai. Ndiyo sifa yote aliyotoa.

Jumapili, watu wametoka ibadani, Phelista aliingia nyumbani kwake na mashine nyuma. Kiti cha Wakhungu kilikuwa nje, na cha mgeni kando yake, na chai mezani. Khisa wa Sirisia alisimama akazunguka mashine, mikono nyuma. Alipiga tairi teke.

"Mzee, hii si imerudi na miguu yake?" aliuliza. "Na wewe ulinipigia Alhamisi jioni, ukaniambia nikuje tayari, ati hii kitu haitafika Kachibora."

Alhamisi jioni. Kabla ya mayai.

Wakhungu alikohoa. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kanisani, akanyoosha mkono kumshika mkewe bega. "Si nilikwambia, Khisa? Mama Jotham hashindwi. Huyu ndiye mkono wangu wa kulia."

Phelista alilisogeza bega lake. Aliliweka kopo mezani katikati ya vikombe vya chai, na ndani yake ile beringi iliyoungua, vipande vyake vyeusi.

"Gusa," alimwambia mumewe. "Haichomi tena."

Wakhungu alikificha kidole chake chini ya meza. Kitambaa kilikuwa bado pale, kimechafuka.

"Mama Jotham, mimi nilifanya nini? Wewe ulisema ya kulia. Fundi akaniuliza, nikamwambia ya kulia. Kuna neno nimeongeza?"

Na kweli hakuongeza neno. Hilo ndilo lililomchoma Phelista kuliko yote. Angedanganya, angemshika. Lakini alilichukua neno lake yeye mwenyewe, zima zima, akamfungia nalo mlango. Khisa alikuwa ameshaanza kutafuta kofia yake.

"Hujaongeza," Phelista alisema. "Mashine haiuzwi. Nilisema nikishindwa, na sijashindwa. Na mkono wako wa kulia usiniite tena, Baba Jotham, si hapa, si kanisani. Mimi ni lile la kushoto. Ndilo lilikuwa linalia, na wewe uliligusa ukajua, halafu ukakaa kwa kiti ukaangalia lingine likipakwa grisi."